Mtali wa Shaba

Fadhila alianza kuburuta mguu siku ya tatu baada ya kuvaa mtali wa bibi yake. Mama yake, Sihaba, alikuwa akishona sare za shule barazani kwao Igogo alipomwona akivuka ua na beseni la vyombo, mguu wa kushoto ukija nyuma kama unaovutwa.

"Umeumia?"

"Hapana, mama. Mwenzangu ndiye anachelewa."

Sihaba akasimamisha cherehani. Uani hapakuwa na mtu mwingine.

Mtali ule, bangili nzito ya mguuni, ulikuwa umeshuka kutoka kwa mama hadi binti tangu kwa bibi wa kwanza wa ukoo, aliyevushwa ziwa akiwa mtumwa. Wote waliurithi, hakuna aliyeuvaa. Mama mzazi wa Sihaba alifariki ghafla bila kusema sababu ya kutouvaa, na Fadhila alipoupenda, Sihaba akamwachia.

Jioni ile nyumba ilinuka matope na kamba iliyolowa maji. Sakafuni zikatokea nyayo za maji, za watu wawili waliotembea bega kwa bega, ingawa aliyepita ni Fadhila peke yake. Rahim, baba yake, akajaribu kuuvua mtali kwa sabuni, kisha kwa mafuta, kisha kwa msumeno, na kila meno ya msumeno yalipogusa shaba mtoto alilia kwa sauti mbili, moja yake mwenyewe na nyingine nzito, ya mtu mzima aliyejaa maji kifuani, mpaka Rahim akautupa msumeno chini.

"Hili si la hospitali," alinong'ona.

Asubuhi walikuwa Misungwi, kwa mganga aitwaye Paskazia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mlazeni hapo." Akafukiza majani, akainama sikioni kwa mtoto. "Wewe uliye mguuni, u nani?"

Sauti nzito ikajibu. "Tulifungwa wawili, mguu kwa mguu. Nilipougua mtumbwini wakanitupa ziwani. Mwenzangu alibaki na mtali wangu, akaapa kuwafundisha watoto wake jina langu. Nitajieni."

Paskazia akamgeukia Sihaba. "Mliachiwa jina?"

"Hatukuachiwa," Sihaba alisema kwa sauti ndogo. "Tuliachiwa mtali tu."

"Basi nakwenda na huyu," ile sauti nzito ikasema.

Maji yenye mchanga yakamtoka Fadhila puani.

"Mpeni jina," mganga akasema haraka. "Liwe la mtu aliye hai, wa damu hii. La kuokota hatalipokea."

Sihaba hakuuliza zaidi. Akakishika kisigino cha mwanawe. "Chukua langu. Wewe ni Sihaba."

Mtali ukafunguka wenyewe. Adhuhuri wakautupa ziwani, na Fadhila akarudi nyumbani akitembea sawasawa, akiomba chakula.

Wiki mbili zilipita kwa amani. Siku moja mchana, Rahim aliyekuwa chumbani akaita, "Sihaba!"

Sihaba alikuwa sebuleni na binti yake. Akafungua kinywa aitike, sauti haikutoka. Akajaribu tena, akajishika koo.

Nje ya mlango, mtu mwenye maji kifuani akaitika taratibu, "Abee, mume wangu."

Fadhila akainuka akitabasamu.

"Mama amerudi," alisema, akaenda kumfungulia.