Kijiti cha Kwenye Ufa

Ndugu zangu, asubuhi ile mvua ilikuwa imekatika na mlima Meru ulionekana wote mpaka kileleni. Dada yangu Naipanoi alikaa mlangoni akimnyonyesha mtoto wa siku tisa. Mimi na mumewe, Loishiye, tulikunywa maziwa kutoka kibuyu kimoja cha nyumbani, tukaenda zetu machimboni tukitaniana. Ilikuwa miaka ya Wadachi, yaani Wajerumani. Tulikuwa tukiwakatia mawe ya kujengea, juu ya mto Nduruma, na mimi, Koikai, ndiye niliyekuwa nyapara.

Ukuta wa mwamba ulikuwa na ufa. Waliotutangulia kazini walitufundisha kukaza kijiti ndani yake. Kijiti kikidondoka, ufa umepanuka, na watu wote waondoke chini mpaka jiwe liangushwe kutoka juu. Nani hakujua hayo? Mimi ndiye niliyekuwa nikiwakumbusha wenzangu.

Siku hiyo Mdachi alisema tukimaliza lundo lililobaki turudi nyumbani kupanda maharage. Nilikwenda kukagua ufa, nikakuta kijiti kiko chini. Kuliangusha lile jiwe kungetuchukua siku mbili. Nikakata kijiti kingine, kirefu kidogo kuliko kile, nikakikaza.

Loishiye aliniona. "Shemeji, kile cha jana kimedondoka?"

"Ni upepo tu. Endelea na kazi."

"Mbona hiki ni kirefu?"

"Baba mzima unaogopa jiwe?"

Wenzetu walicheka. Naye alicheka kidogo kwa aibu, akainama kuokota nyundo yake. Kicheko hicho nakisikia hadi leo.

Kabla ya adhuhuri mwamba ulishuka, ukamfunika Loishiye. Tulimfukua kwa mikono, akiwa bado anapumua. Alinitazama, akakata roho. Heri angenitukana.

Naipanoi aliniuliza swali moja tu. "Kaka, kijiti hakikuonya?"

"Hakikuonya, dada."

Nilidhani uongo huo ungeniponya. Baada ya mazishi nilirudi machimboni nikakuta nyufa mbili mpya, wala hazina kijiti. Nikauliza kwa nini.

"Cha nini?" akasema Parsimei, mkata mawe mwenzetu. "Hakikumwonya Loishiye."

Kumbe uongo wangu ulikuwa umewafikia. Niliwatoa wote chini, nikawapeleka hadi kwa dada yangu, nikasema kweli mbele yao. Naipanoi hakulia wala hakunifukuza. Tangu siku hiyo nikienda kwake, hunimiminia maziwa kutoka kibuyu cha wageni.

MAFUNZO

Ndugu zangu, mnasema ajali haina kinga. Yangu ilikuwa nayo, tena haikuzidi urefu wa kidole, nami nikaibadilisha kwa mkono wangu. Ishara ya hatari ikitokea, acheni kazi, hata kama mnaharakisha kwenda nyumbani. Anayeuliza kuhusu hatari asichekwe, maana huenda ndiye pekee anayeona. Na wewe msimamizi uliyekosea, sema mapema. Mimi niliponyamaza, nilikaribia kuwazika na wengine.