Ukuta wa Mama Arnaud

Kila jioni, adhana ya magharibi ilipoanza kusikika, Soumaya alifunga dirisha la uani, akawasha taa ya barazani, kisha akagonga ukuta wa sebuleni kwa kiganja: ngo, ngo. Upande wa pili jirani yao, Mama Arnaud, alijibu: ngo, ngo. Maana yake ilikuwa: tuko nyumbani, sote wazima.

Katika kartie yao, yaani mtaa wao, huko Ngagara, nyumba zimejengwa mbili mbili, zikishirikiana ukuta mmoja. Desturi ya kugonga ilianzishwa na baba yake, Massoudi, fundi magari katika gereji moja ya Zone Industrielle, eneo la viwanda. Baba alipofariki mwaka uliopita, Soumaya, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, hakuacha kugonga. Aliona kama ni kazi aliyoachiwa.

Jioni moja alipoinua mkono, mama yake alimshika.

"Acha. Usigonge."

"Kwa nini, Mama?"

"Nimesema usigonge. Watu wasiotuheshimu tuwasalimie vya nini?"

Soumaya alijua sababu. Mchana ule kuku wa Mama Arnaud walikuwa wamevamia mkeka uani na kula ndagala, samaki wadogo wa ziwani ambao Mama alikuwa amewaanika. Mama alitoka akifoka: "Tangu Massoudi afe, hata kuku wako wanajua hatuna mtu!" Mama Arnaud, naye mjane, alisimama na kuku mmoja mkononi, akageuka, akaingia kwake.

Sasa Soumaya na mama yake walikaa sebuleni wakisikiliza. Baada ya muda ukuta ukasema wenyewe, polepole: ngo, ngo. Mama hakujibu. Jioni iliyofuata hakukuwa na sauti yoyote.

Wiki chache baadaye mama mdogo Houda alikuwa anaolewa kule Rumonge. Usiku wa kuamkia safari Soumaya aliuliza, "Mama, hatumuagi Mama Arnaud?"

"Apana. Safari ni yetu, si yake."

Waliondoka alfajiri, jirani akiwa bado amelala. Mama aliacha taa ya barazani ikiwaka ili wezi wadhani wapo. Nguo zilikuwa bado mbichi, wakaziacha kwenye kamba. Ndani ya basi, Soumaya alichukua simu ya Mama, akajipiga picha na mabegi, akaiweka WhatsApp, mahali ambapo kila mwenye namba ya Mama angeiona. Chini yake aliandika: "Rumonge, tunakuja arusini hadi Jumatatu! Nyumba tumewaachia panya."

Rafiki yake Mélissa alijibu papo hapo: "Hao panya wasimalize ndagala!" Soumaya alicheka mpaka mama yake akatabasamu. Mama alikuwa hajatabasamu siku nyingi.

Waliporudi Jumatatu, dirisha la uani lilikuwa limeng'olewa na kulazwa chini, pamoja na fremu yake.

Mama alisimama katikati ya sebule akitazama mahali palipokuwa na redio. Soumaya alikimbia moja kwa moja chumbani, akapiga magoti, akachungulia chini ya kitanda. Palikuwa na vumbi, na katikati ya vumbi alama ya mraba, safi.

Sanduku la Baba halikuwepo.

Lilikuwa sanduku la chuma, la kijani, lenye spana zake zote. Juu ya spana Baba alikuwa akiweka kitambaa chake cha kufutia mikono, cheusi kwa oili. Siku ambazo Soumaya alizidiwa, alifungua sanduku lile, akaweka kitambaa usoni, akavuta pumzi. Oili, sabuni ya unga, na kitu kingine kisicho na jina, ambacho kilikuwa Baba tu. Mama aliwahi kumkuta akifanya hivyo, akarudisha mlango taratibu.

"Mama!" aliita. Mama alikuja, akaona ile alama, akaketi sakafuni na kujifunika uso kwa mtandio.

Shefu wa kartie, kiongozi wa mtaa, Bwana Népomuscène, alifika baada ya kusikia kilio. Alizunguka nyumba bila haraka.

"Mama Soumaya, taa hii imewaka tangu lini?"

"Tangu tuondoke. Tulitaka waone tupo."

"Taa inayowaka saa sita mchana inamwambia mwizi kwamba hakuna mtu wa kuizima. Na zile nguo zimenyeshewa juzi, hakuna aliyezianua." Akamgeukia Mama. "Nani alijua mmesafiri?"

Soumaya alimpa simu huku ameinamisha kichwa. Shefu alisoma, akairudisha. Hakumkaripia.

"Mwanangu, picha ya safari inapendeza hata ukiionyesha baada ya kurudi. Na jirani yenu? Yeye mlimwambia?"

Mama alitazama ukuta.

"Kumbe mliwaambia watu wote," alisema shefu kwa huzuni, "isipokuwa yule ambaye angesikia."

"Nilisikia."

Mama Arnaud alikuwa amesimama mlangoni, kitu kimekunjwa mkononi mwake.

"Mi nilisikia, shefu. Jana mchana, nimetoka misa. Vitu vinakokotwa. Nikasema moyoni, wamerudi, wanapanga nyumba. Nikaweka mkono ukutani nigonge… Nikaogopa. Nikasema bado wamenikasirikia."

Akamsogelea Soumaya.

"Leo asubuhi nimekuta hiki kwenye mfereji, kimejaa tope. Nilikijua, ni cha baba yako. Nikakifua."

Kilikuwa kitambaa cha Baba, kimepigwa pasi. Soumaya alikipokea kwa mikono miwili, akakipeleka usoni, akavuta pumzi.

Kilinukia sabuni. Sabuni tu.

Alikaa nacho usoni muda mrefu, kwa sababu hakutaka Mama Arnaud aone uso wake. Halafu akakishusha, akasema, "Asante sana, Mama Arnaud."

Waliripoti polisi, lakini sanduku halikupatikana. Mafundi waliofanya kazi na Baba walikuja Jumamosi wakachomelea nondo kwenye dirisha la uani. Waliongea kwa sauti ya chini, kama watu walio msibani.

Likizo ilipofika, bibi yake Soumaya aliugua na ilibidi warudi Rumonge. Safari hii Mama alianua nguo zote. Akachukua ufunguo, akatoka mwenyewe, akamkabidhi Mama Arnaud barazani kwake.

"Tunakwenda kumwona bibi. Tutarudi Alhamisi."

"Haya. Nendeni salama."

Hayo tu. Ndani ya basi simu ilibaki kwenye mkoba wa Mama.

Alhamisi waliporudi, mapazia yalikuwa wazi na uani pamefagiliwa. Taa ya barazani ilikuwa imezimwa, maana bado kulikuwa na mwanga. Mlangoni palikuwa na kandambili kubwa za kiume. Soumaya alizitambua: za kaka Arnaud, mwana wa Mama Arnaud. Mtu anayepita angedhani kuna mwanaume amelala ndani.

"Umeona?" Mama alisema. "Kufuli ni muhimu, na nondo ni muhimu. Lakini ukisafiri, usiwatangazie wasiohusika. Mwambie mmoja unayemwamini, awe macho yako. Mimi sikumwambia huyo mmoja, na wewe ukawaambia wote."

Adhana ikaanza. Soumaya aliwasha taa, akaenda ukutani, akamtazama mama yake. Mama aliitikia kwa kichwa.

Ngo, ngo.

Jibu lilikuja haraka, kana kwamba mkono ulikuwa unangoja pale pale: ngo, ngo.

Mama alitoka nje bila kuvaa viatu. Soumaya alimfuata hadi mlangoni. Mama Arnaud alikuwa ametoka pia, na wanawake wawili wakasimama kila mmoja kwenye baraza yake.

"Mama Arnaud," Mama alianza. "Siku ile ya ndagala, hasira yangu haikuwa juu ya kuku. Siku ile ndiyo Massoudi alikuwa anatimiza mwaka tangu afe. Nilikuwa nimekaa peke yangu tangu asubuhi. Nilitaka kukuambia, njoo ukae nami, nikaishia kukufokea."