Makamu wa Phares

Saa nne asubuhi. Chumba cha nyuma cha kinyozi, Kariobangi.

Phares aliwahi kuwa meneja wa wafanyakazi kiwandani kabla ya kutimuliwa, na ugonjwa wa mikutano haukumtoka. Hata wizi aliuanza kwa hotuba.

"Ghala la simu. Mimi na Makokha tunaingia. Nerima yuko kwa usukani," alisema. "Na msifikirie doo pekee, pesa huisha. Mtu huchapa kazi akijua ana maana."

Nerima aliinamisha kichwa ili tabasamu lisionekane. Wiki iliyopita Phares alikuwa amemnong'oneza: wewe ndiye makamu wangu, usimwambie mtu. Miaka mingi alikuwa amewaendeshea wanaume magari, nao wakimwita "dereva" kana kwamba mamake hakumpa jina. Cheo hicho alikitaka kuliko mgao. Angekubali kufa kwa ajili ya cheo hicho, mjinga yeye.

Saa sita kasoro dakika kumi. Mlango wa ghala.

Nerima aliingiza gari lao la mkate kinyumenyume. Maboksi yakapakiwa. Kisha mlinzi, waliyedhani wamemfunga kamba barabara, akafyatua risasi. Makokha akaanguka, paja limechanika. Phares alirukia ndani ya gari kwa mlango wa nyuma. Makokha akajikokota, akamdaka mguu.

"Nivute, buda!"

Phares akampiga teke la uso.

"Uliniambia mimi ndiye makamu wako!" Makokha alilia, mdomo umejaa damu.

Nerima, aliyeshuka kufunga mlango wa nyuma, aliganda na kufuli mkononi.

"Phares, na mimi je?"

"Manze, nilikuwa nawapea morali tu! Hata huyo kinyozi nilimwambia hivyo. Funga, tuishie, tutoke hapa!"

Nerima akamfungia humo ndani. Makokha alibaki chini akimtazama, naye hakumwinua.

Saa sita na dakika tano. Sokoni.

Nerima alisimamisha gari katikati ya vibanda, akazima injini, akachomoa ufunguo. Phares aligonga kutoka ndani.

"Mbona umesimama? Nerima!"

Alishuka, akavuta pumzi.

"Mwizi!" akapiga kelele. "Mwizi yuko humu ndani! Ameua mtu!"

Sokoni hawaulizi mara mbili. Yalikuja mawe, zikaja nondo, halafu mtu akaleta jerikeni ya petroli. Nerima alijipenyeza kati ya watu, kifua kikimjaa raha ambayo hakuna kazi iliyowahi kumpa. Nyuma yake Phares alikuwa akiwaahidi watu pesa, simu, chochote. Hakuna aliyetaka.