Vifaru Vyenye Kiu

"Kunguru anaita. Vifaru vimejaa msituni. Vinawasha injini. Mnanisikia?"

Redio ilikwaruza.

"Kunguru, Mjerumani kaisha. Hana vifaru. Kalale, mama."

Mara ya tatu hiyo!

Kunguru mwenyewe, Mathilde Krings, nusura aitupe redio dirishani. Miaka minne amewapelelezea Washirika, maadui wa Mjerumani, hapa kwenye misitu ya Ardennes. Leo, Desemba ya 1944, wanamwona mwehu.

Kikosi hicho cha vifaru alikijua. Kilitamba Ufaransa, kikaunguzwa Urusi, kikarudi kikichechemea. Chuma tele, petroli kiduchu. Jana maofisa wake walikunywa kahawa jikoni kwake, wakicheka: "Tukiteka bohari ya petroli ya Wamarekani, tutajaza matangi, twende hadi bandari ya Antwerp!"

Alichomeka bastola yake ya Walther kiunoni, na bastola ya ishara, ya kurushia fataki za moto, mfukoni, akarukia pikipiki yake ya Zündapp. Ukungu ulikuwa mzito kama uji.

Bohari ilikuwa kando ya barabara nyembamba, juu ya mteremko. Madebe ya petroli yalipangwa kama matofali. Sajini Lindqvist, Mmarekani mlinzi, alikuwa anakaanga mayai.

"Choma petroli yote! Vifaru vinakuja."

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Dada, bila amri siwashi hata kiberiti."

"Pigia wakubwa wako!"

"Nimeshapiga. Simu imekufa."

"Na hujajiuliza nani kaiua?"

Sajini aligeuza mayai.

Mathilde alichoka kuomba. Alipiga debe teke. Likabingirika, likamwagika. La pili. La tatu. Petroli ikateremka barabarani.

"Wewe! Hiyo mali ya jeshi!" Sajini alimshika mkono.

Ardhi ikatetemeka.

Pale chini kwenye kona, mtutu mrefu ulichomoza ukunguni. Kifaru cha Kijerumani, Panther.

Sajini aliachia mkono. "Mama yangu!" Akanyakua madebe mawili kwa mpigo, akayamwaga barabarani.

Risasi zikachana miti. Mathilde alilala kifudifudi, akalenga bastola ya ishara.

Akafyatua.

Barabara nzima ikawa moto. Panther ya mbele ilirudi kinyumenyume, ikaigonga ya nyuma yake. Moto ukapanda ukayala madebe yaliyobaki. Petroli yote ikaenda na moshi.

Huko chini injini zilikohoa, matangi yamekauka. Moja ikazima. Nyingine. Wajerumani wakaanza kutoka, wakitukanana, wakishika njia kwa miguu.

"Sasa wakubwa nitawaambia nini?" Sajini aliuliza, masizi usoni.

Mathilde alijikung'uta theluji.

"Waambie ulipata amri."

"Ya nani?"

Mathilde alikuwa ameshawasha Zündapp.