Stara Hakuitwa Mkutanoni

Asubuhi hiyo Stara alipika uji wa ulezi, akautia pilipili manga, akaupeleka kwa jirani yake Salwa aliyekuwa amejifungua. Kisha alifunga gunia la alizeti kwenye baiskeli, akaisukuma hadi kiwandani.

Kiwanda chenyewe kilikuwa banda la bati lenye mashine moja ya kukamua mafuta. Kilikuwa mali ya kampuni, na kampuni ilikuwa ya watu wa kijiji cha Busi waliochanga kwa kununua hisa. Stara aliuza ng'ombe wake wawili ili apate hisa zake. Wakati ule mumewe, Seleman, alimuuliza kama ana uhakika. Alimjibu, "Ng'ombe wanaweza kufa kesho. Watu hawataacha kula mafuta."

Siku hiyo alikuta mlango umefungwa kwa kufuli jipya. Meshack, fundi wa mashine, alikuwa amekaa kizingitini na mfuko wa spana zake.

"Leo hamkamui?" Stara aliuliza.

"Hatukamui tena, mama. Kiwanda kinauzwa. Banda, mashine na kiwanja. Mnunuzi ni tajiri mmoja wa Dodoma."

"Nani kaamua?"

"Mkutano wa wanahisa. Ulikaa juzi."

Stara aliegemeza baiskeli ukutani. Bila kiwanda, angerudi kuuza alizeti yake kwa walanguzi kwa bei wanayotaka wao. Na mashudu yanayobaki baada ya kukamua, ya kulisha mbuzi, angeyapata wapi?

"Mimi ni mwanahisa," alisema. "Mbona sijui?"

"Kamuulize mwenyekiti," Meshack alisema.

Mwenyekiti wa bodi ya kampuni alikuwa Abdulrazaki, mjomba wake Stara, kaka wa mama yake. Stara alimkuta barazani akinywa kahawa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Naona umekuja na hasira."

"Nimekuja kuuliza. Mmeuza kiwanda bila kuniita?"

"Tuliwapigia watu simu jioni, tukakutana asubuhi. Simu yako haikupatikana."

"Nilikuwa shamba la bondeni. Huko hakuna mtandao, na wewe unajua."

Abdulrazaki aliweka kikombe chini. "Stara, mashine imechoka. Kila wiki inaharibika. Mnunuzi alitaka jibu haraka, na wengi walikubali."

"Wengi wa waliokuwepo, mjomba. Mlikuwa wangapi?"

Mzee alikiinua tena kikombe chake. Stara alimuaga kwa heshima, akaondoka. Hakutaka kugombana na kaka wa mama yake. Hakutaka pia kunyamaza.

Alirudi kwa Salwa. Salwa alikuwa wakili. Alisoma sheria chuo kikuu, Chimwaga, akafanya kazi Dodoma mjini, na sasa alikuwa amekuja kulelewa na mama yake baada ya uzazi. Alikuwa uani akimnyonyesha mtoto. Stara alimweleza yote.

"Mama, katiba ya kampuni unayo?" Salwa aliuliza.

"Tulipewa wote nakala. Niliiweka sandukuni, sijawahi kuisoma."

"Kailete."

Salwa aliisoma taratibu, mtoto akiwa amelala mapajani. Kisha alimwonyesha Stara ukurasa mmoja.

"Soma mwenyewe hapa."

Stara alisoma kwa sauti, neno baada ya neno. Taarifa ya mkutano mkuu wa mwaka, au ya mkutano wa kupitisha azimio maalumu, itolewe kwa maandishi, siku zisizopungua ishirini na moja kabla ya mkutano. Apewe kila mwanahisa.

"Kuuza kiwanda ni azimio maalumu?"

"Kwa katiba yenu, ndiyo. Linahitaji robo tatu ya kura. Na taarifa lazima iseme mahali, tarehe, saa, na jambo litakaloamuliwa. Mtu aitwe akijua anaitiwa nini."

"Na kama kuna haraka kweli?"

"Muda unaweza kufupishwa, lakini wanahisa wenyewe wakubali kwa kiwango ambacho sheria inataka. Mwenyekiti hawezi kuufupisha peke yake."

"Kwa hiyo ule mkutano wa juzi?"

"Uamuzi wake unaweza kupingwa. Lakini usianzie mahakamani, mama. Mauzo hayajasainiwa. Mwambie mjomba aje tuzungumze. Ningemfuata mimi, ila arobaini yangu bado."

Abdulrazaki alikuja alasiri ya siku ya pili, amevaa kofia yake nzuri. Alimpa Salwa hongera ya uzazi, akamtazama mtoto, ndipo akakaa.

"Nasikia nimekosea," alisema.

"Mlikosea utaratibu, babu," Salwa alisema. "Kama kuuza ni jambo zuri, utaratibu hautalizuia."

"Mnunuzi ataondoka."

"Mnunuzi mwenyewe hapendi kununua kesi. Akilipa leo, kesho mwanahisa mmoja ambaye hakuitwa anaweza kwenda mahakamani, na mauzo yakatenguliwa. Taarifa sahihi inamlinda na yeye."

Mzee alivua kofia, akaiweka gotini.

"Hilo sikuliwaza," alisema. "Tunaanza upya. Siku zinahesabiwaje?"

"Katiba yenu inasema siku ya kupewa taarifa haihesabiwi, na siku ya mkutano haihesabiwi. Zinazohesabiwa ni za katikati. Na asiyeweza kuja anaruhusiwa kumtuma mwakilishi kwa maandishi. Liandikeni na hilo."

Taarifa iliandikwa kwa Kiswahili chepesi. Ilisema mkutano utafanyika kwenye banda la kiwanda, tarehe iliyotajwa wazi, saa nne asubuhi, kuamua kama kiwanda kiuzwe au kisiuzwe. Stara alijitolea kuzunguka kugawa nakala. Kila aliyepokea aliweka saini. Walioishi mbali walitumiwa kwa njia inayotajwa kwenye katiba. Mmoja wao alikuwa Gideoni, aliyehamia Babati miaka mingi iliyopita. Wengi walidhani ameshauza hisa zake. Hakuwa ameziuza.

Siku ya mkutano banda lilijaa hadi nje. Gideoni alishuka kwenye basi la Babati na mzigo mzito.

Abdulrazaki alifungua mkutano. Alieleza bila kuficha kwa nini alitaka kiwanda kiuzwe. Mashine ilikuwa inakula fedha nyingi kuliko inazoingiza. Watu walimsikiliza. Hata Stara aliona kwamba mjomba wake hakuwa na nia mbaya.

Ndipo Gideoni akanyanyuka. "Nilipopata taarifa, nilimpigia simu Meshack. Nikamuuliza mashine inaumwa nini. Akaniambia parafujo ya kukamulia, chuma kile kinachozunguka na kubana alizeti, imelika, na hapa haipatikani. Babati ninawajua wanaozichonga. Nimekuja na moja. Ningeitwa jana, ningekuja mikono mitupu."

Stara alisimama baada yake. "Mimi sisemi tusiuze milele," alisema. "Nasema tukamue mavuno haya kwanza. Mwakani tutaitana tena, tuone."

Kura zilipigwa. Abdulrazaki alinyoosha mkono wake kutaka kuuza, mbele ya watu wote. Waliomuunga mkono hawakufika hata nusu. Aliutangaza uamuzi kwa sauti thabiti, kisha akamwambia Meshack aifunge ile parafujo.

Mavuno hayo mashine ilinguruma tangu asubuhi hadi jioni. Madumu yalipangwa ukutani, na malori ya wanunuzi yakaanza kuja yenyewe. Stara alipata mafuta yake, akauza, na mbuzi wake wakala mashudu wakanenepa. Mnunuzi wa Dodoma alirudi safari moja, kununua mafuta.

Mwaka uliofuata mkutano mkuu uliitishwa kwa taarifa iliyofika kwa kila mtu mapema. Abdulrazaki alisimama mbele ya wanahisa, akavaa miwani yake.

"Kabla ya yote," alisema, "yupo hapa, au yupo mnayemjua, ambaye hakupata taarifa?"

Watu waliangaliana. Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Basi mkutano huu ni halali," alisema. "Tuanze."