Mswala Ulioachwa Wazi

Mswala ulikuwa na joto. Mama Vifungo aliukanyaga saa saba mchana akifuata mkasi, akahisi joto la mahali ambapo mtu ameinuka sasa hivi. Akatafuta jua dirishani, kumbe jua lilikuwa upande wa pili wa nyumba. Pia palinukia kitambaa kilichounguzwa, na pasi ilikuwa baridi. Akarudi kwenye cherehani, maana gauni la bibi harusi lilitakiwa jioni.

Ukweli usemwe: mwanamke yule aliwahi kumwomba Mungu hasa. Kiharusi kilipomlaza mume wake kama gogo, macho yakafifia hata akawa anawajua watu kwa sauti tu, mkewe alisujudu mpaka paji la uso likaota sugu. Mume alimsikiliza kutoka chumba cha pili. Alisema ile sauti ndiyo iliyomshika mkono asiende. Basi Mungu si Athumani, mgonjwa akainuka, akatembea kwa fimbo, na wateja wakamiminika.

Hapo ndipo bibi alipochoka kuswali. Alianza kuacha alfajiri, eti usingizi, kisha adhuhuri, eti wateja. Mume alimwambia mara moja tu, kwa upole, kwamba Mungu si mwavuli wa kufunguliwa mvua ikinyesha.

"Naswali, mume wangu," alimjibu. "Huoni tu."

Maneno hayo kwa kipofu, jamani! Na ili uongo usimame, akautandika mswala kwenye kona ya chumba cha kushonea, wateja wauone waseme fundi ni mcha Mungu. Hakuukunja tena. Alilelewa akiambiwa ukishaswali kunja mswala, au japo pembe yake, kwa sababu mswala ulioachwa wazi hupata wa kuuswalia. Aliona hizo ni porojo za mabibi.

Wiki ileile aliyoukuta mswala una joto, alirudi kutoka kununua uzi akamkuta mume wake kakaa kitandani, anatabasamu.

"Leo umenifurahisha," mume akasema. "Umesoma kama zamani."

Mkewe tangu asubuhi hakuwepo nyumbani. Angeweza kusema si mimi. Lakini akaona afadhali, ikiwa kuna anayemfanyia kazi hiyo, naye ana magauni sita ya kumaliza.

"Alhamdulillahi," akasema, akaenda kushona.

Ikawa hivyo miezi saba. Alizoea ile harufu, akazoea kusifiwa.

Kisha mume akaanguka bafuni. Daktari alimrudisha nyumbani akasema sasa ni kumwachia Mungu. Mama Vifungo akakimbilia mswala kama zamani, akapiga magoti, akainama, na paji lake likakutana na paji jingine lililokuwa likimngoja pale chini, la moto, lenye sugu mahali palepale penye sugu yake, akafumbua mdomo asome Alhamdu, sura aliyoijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu, akaikosa, akaitafuta tena akaikosa, na kutoka chini ya mswala sauti yake mwenyewe ikaanza kuisoma, taratibu, bila kukosea, mpaka mwisho.

Alitaka kuukunja mswala ule, ukakataa, utadhani umeshonewa sakafuni.

Akaitwa shehe, akaelezwa yote bila kufichwa. Alisoma toka asubuhi mpaka alasiri. Jini lililokuwa chini ya mswala halikupiga kelele wala kutisha mtu. Lilisoma pamoja naye, na mahali pamoja alipoteleza, likamsahihisha. Shehe akafunga kitabu.

"Mama, huyu hakuvunja mlango," alinong'ona. "Alikuta mahali wazi akakaa. Na mumeo alipokusifu, wewe ukampa jina lako. Mimi sina cha kumtolea."

"Nifanye nini, shehe?"

"Tubu. Toba haina kufuli."

Akafumbua mdomo. Bei ya uzi angeitaja, majina ya wateja angeyataja, lakini jina la Mungu halikutoka. Ilitoka pumzi tu. Shehe alingoja, akangoja, halafu akavaa viatu vyake bila kuaga.

Mama Vifungo alilia sana siku hiyo, akajutia kila alfajiri aliyoilala. Majuto ni mjukuu, nao mjukuu huyu alikuja akiwa mtu mzima. Kulipokaribia magharibi akafuta macho, akamimina maji kwenye kikombe akampelekea mumewe. Alau huyo alikuwa bado wake.

"Kunywa, mume wangu," akasema, akamshika bega.

Mgonjwa akajivuta hadi ukutani. Macho yake meupe yalihangaika huku na huku.

"Wewe ni nani?" akauliza kwa sauti ya chini. "Mke wangu yuko kule, anaswali."

"Ni mimi."

"Niondokee. Mke wangu namjua kwa sauti, na hii si yake."

Kule chumba cha kushonea, usomaji ukakoma, kisha sauti ikaita kwa upendo, "Naja, mume wangu, nimeshamaliza."

Na Mama Vifungo, kikombe kikimwagika mkononi, akasikia mswala unakunjwa.