Nyama Nyeusi ya Kifungua Mimba

Jumapili baada ya kanisa, mjane Ketura alichoma mbuzi nyumbani kwake Bwera. Katika ukoo wao, kipande kilichoungua kikawa cheusi ni heshima ya kifungua mimba. Marehemu mumewe, naye kifungua mimba, alikila maisha yake yote. Tangu afe, kilikuwa cha Yowasi, mwanawe mkubwa, mfanyakazi wa kiwanda cha saruji Kasese.

Yowasi alikisukuma kando. "Mama, tumbo inauma. Na kule choo naona damu."

Sahani ilimponyoka Ketura. Mumewe alianza hivyo hivyo, kisha wakamzika!

"Iko bawasiri tu," Byaruhanga, mdogo wa Yowasi, akacheka. "Mimi nakula nyama ya moto ule ule, na niko muzima!"

Kicheko si dawa. Kesho yake Ketura alimkokota Yowasi mpaka kwa nesi Medius, naye akawatuma hospitali kubwa. Huko walimchunguza kwa kamera ndogo. Loo! Saratani ya utumbo mpana. Bahati, ilikuwa bado changa, akapasuliwa mapema.

Medius alipokuja kumwona nyumbani, Yowasi aliuliza kwa uchungu, "Mbona mimi, si Byaruhanga?"

"Mwilini kuna vimeng'enya," Medius alieleza. "Ni kama wafanyakazi wa kiwandani. Vinabadilisha sumu ya sigara na ya nyama iliyoungua, na kuitoa nje. Tunavirithi kwa baba na mama, lakini ndugu wa tumbo moja hawarithi sawa. Vya mutu mwingine vinachelewa, au vinafanya sumu ikuwe kali zaidi. Hapo hatari inapanda. Si lazima augue, lakini inapanda."

"Basi vyangu viko muzuri," Byaruhanga akajigamba.

"Nani amekuambia? Vimeng'enya havionekani usoni! Baba aliugua, kaka ameugua. Usingoje damu. Enda upimwe."

Alikwenda akinung'unika. Alirudi amenywea. Walimkuta na kinyama utumboni, wakakiondoa kabla hakijawa saratani. Mwenye afya ya kujivunia!

Krismasi ilipofika, Ketura alichemsha mbuzi kwa mboga. Kipande kimoja tu alikichoma, kwa mazoea ya mkono. Kiliungua. Akakitazama, machozi yakamtoka.

"Nilipatia baba yenu hii kwa mapendo," alisema.

"Hukujua, mama," Yowasi akamjibu.

Ketura akakitupa kwenye majivu, akampakulia kifungua mimba mchuzi, sawa na wengine.